Koti la Fundi

Kabla hajatoa bisibisi, fundi umeme wa Moshono huugusa ukuta kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa, kisha huguna. Nyumbani kwa Nashipae, mfugaji wa kuku, aliguna mara mbili. Waya mmoja ulikuwa unabeba friji, pasi, birika na mashine ya kutotolesha mayai, ndiyo maana kila birika likiwashwa nyumba nzima ilizimika. "Mama, huyu ni punda mmoja, na wewe umempakia mizigo ya kijiji kizima," alisema, kwa ile sauti yake ya kugombana na ukuta. Angevuta waya mnene zaidi, na mashine ingepata laini yake peke yake. Ila lazima umeme uzimwe hadi mchana.

"Na mayai yangu, fundi? Yanaanguliwa siku yoyote, na baridi hii ya Julai!"

"Kuku mimi simpendi hata kwenye sahani," alijibu, akazima swichi kuu. Halafu akavua koti lake zito, lile ambalo halivui hata kanisani, akaifunika nalo mashine na kuchomekea pembe zake taratibu. Asubuhi yote alichimba ukuta akiwa na shati jepesi, akitetemeka na kuwalaani kuku.

Umeme uliporudi, Nashipae aliwasha kila kitu kwa mpigo. Hakikuzima hata kimoja. Akageuka amshangilie fundi, akamkuta amepiga magoti, sikio kwenye mashine.

"Mama, zima hilo birika kwanza," alinong'ona. "Kuna mmoja anagonga."