Msusi wa Chumba cha Mawimbi

Kabla hajawa mpimaji wa umeme wa ubongo, alisuka nywele miaka tisa, na hospitalini hakuna aliyemwacha asahau. Daktari bingwa wa kifafa alimwita Msusi.

"Msusi, leo unasuka nini?"

"Nyaya, daktari. Ishirini na moja, na mteja hatalalamika kichwa kuuma."

Siku hiyo mteja alikuwa mshonaji mwenye mtoto wa miezi saba. Kifafa kilimwangusha bila kupiga hodi, kwa hiyo mama mkwe wake alimkataza kumbeba mtoto akiwa amesimama. Alimnyonyesha sakafuni, mtu akimchunga. Dawa tatu zilikuwa zimeshindwa. Upasuaji ungeweza kumponya, ila kwanza ijulikane kifafa kinaanzia wapi, na vipimo viwili vya nyuma vilionyesha mawimbi yaliyovurugika kila mahali. Hiki cha tatu kikikosa jibu, jina lake lingefutwa kwenye orodha ya upasuaji.

Msusi alipitisha vidole kichwani mwa mshonaji, akasita.

"Walikupima ukiwa umesukwa hivi hivi?"

"Ndiyo, dada. Walibandika vidude vyao kwenye mistari."

"Mdogo wangu, hapa juu ya sikio la kulia msusi wako amepindisha mistari. Walifuata njia zake, wakaruka mahali panapotakiwa kupimwa."

Akazifumua nywele zote. Muuguzi akachungulia. "Hapa siku hizi ni saluni?"

"Ni saluni. Kaa kwenye foleni."

Alipima kwa tepu toka puani hadi kisogoni, toka sikio hadi sikio, akatia alama kwa penseli, akabandika kila kisahani cha chuma cha ncha ya waya juu ya ngozi tupu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nyaya zikiwa bado kichwani, mshonaji alikuwa akisimulia jinsi mwanawe anavyotafuna utepe wa kupimia nguo. Akanyamaza katikati ya neno, macho yakaganda. Muuguzi alimlaza ubavu, akamshikilia. Msusi alikazia macho kioo cha kompyuta. Mistari yote ilitulia, isipokuwa mmoja wa juu ya sikio la kulia. Ulitetemeka kidogo kidogo, kama uzi unaovutwa na sindano, ukaamsha jirani yake, kisha upande mzima. Upande wa kushoto ulifuata baadaye.

Daktari aliyarudia mawimbi yale mara nne. "Hapo," akasema, na kidole chake hakikuhama. Picha za kichwa zikakubaliana naye. Wiki ileile alibandika karatasi mlangoni: hapimwi mtu aliyesukwa mpaka Msusi amwone.

Mwaka mmoja baada ya upasuaji, mshonaji aliingia koridoni kwa miguu yake, hajaanguka hata mara moja, mtoto mnene akiwa begani. Mama mkwe alimfuata na mikoba yote.

"Mpe dada mpimaji amshike," mama mkwe akasema. "Mikono yako imechoka."

"Haijachoka, mama. Ndiyo kwanza inaanza."

Msusi akambusu mtoto palepale alipokuwa, begani kwa mama yake.