Mtarakwa wa Mheshimiwa

Mwanangu, zima hiyo mashine kidogo, uje uketi hapa. Tangu asubuhi naisikia ikilia nyuma ya nyumba, na kila ikikaribia miti nainuka kitini kutazama. Wewe unadhani ni uzee. Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninaposikia mlio huo, na sijawahi kukusimulia kwa sababu ninaona aibu. Leo nitakusimulia, maana umeanza kufyekea watu viwanja vyao na sitaki ujifunze kwa njia niliyojifunzia mimi.

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nimeajiriwa kutunza kiwanja cha chuo kimoja nje kidogo ya mji huu wetu wa Eldoret. Kiwanja chenyewe kilikuwa kikubwa mno. Unajua nyasi za huku zinavyoota mvua ya Aprili ikishaanza: unafyeka upande huu Jumatatu, ukimaliza ule mwingine Ijumaa, wa kwanza umeshakufika magotini. Tulikuwa watu wanne wenye mafyekeo, na mkubwa wetu alikuwa Mzee Mbugua.

Mzee Mbugua alikuwa amehama zamani kutoka upande wa Murang'a, akanunua kipande cha shamba Kiplombe, akalima mahindi na kufuga ng'ombe wawili. Pale chuoni alikuwepo tangu majengo yalipokuwa ya mbao. Nyasi alituachia sisi vijana, yeye akashughulika na miti. Alipiga magoti kwenye kila mti mchanga, akang'oa magugu kwa mkono, akaacha duara la udongo mtupu kuzunguka shina. Sisi tulimcheka. Tulisema mzee anaiogesha miti.

Mti mmoja aliutunza kuliko yote. Mheshimiwa mmoja mkubwa serikalini alikuja kufungua ukumbi wetu mpya, akapanda mche wa mtarakwa mbele ya ukumbi huo, picha zikapigwa, mawe yaliyopakwa chokaa yakapangwa kuuzunguka, na kibao chenye jina lake kikasimikwa. Kiangazi kilipofika, Mzee Mbugua aliubebea mti ule maji kwa ndoo kutoka jikoni kwa wanafunzi. Miaka ile hukuhitaji kuelezwa kwa nini mti kama huo usife.

Basi mwalimu mmoja mgeni akamaliza mkataba wake, akarudi kwao, akakiachia chuo mashine yake ya kufyeka. Ilikuwa ya petroli, ya kuning'iniza begani, karibu sawa na hiyo yako, na mahali pa kisu ina uzi wa plastiki unaozunguka kwa kasi mpaka hauonekani. Mimi ndiye niliyeweza kusoma kile kijitabu chake cha Kiingereza, kwa hiyo nikakabidhiwa. Mwanangu, kichwa kilivimba! Kazi ya watu wanne ya siku tatu niliimaliza kwa siku moja. Makarani walitoka ofisini kunitazama. Wenzangu nikaanza kuwasalimia kwa kuinua kidevu.

Mzee Mbugua alikuja, akaupapasa ule uzi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Wewe Kirwa," akaniambia, "hii kitu ni mzuri kwa nyasi. Lakini kwa miti usilete. Wacha hatua moja kila upande, hiyo nitatoa na mkono."

"Lakini Mzee, hii ni plastiki tu. Itafanyia mti nini?"

"Ngozi ya mti mdogo ni laini. Hiyo kamba inazunguka, inakula ngozi, na wewe huoni. Ikikula ngozi mpaka ikutane, huo mti umekufa. Ni vile tu haijajua."

Nikamwitikia, "Sawa, Mzee," kwa sauti ile ile unayonijibu wewe nikikuambia uvae viatu vya kazi.

Zikapita wiki kama tatu. Alasiri moja Mzee Mbugua hakuwepo, alikuwa amempeleka mkewe kliniki. Nilikuwa nimefyeka mpaka mbele ya ukumbi, na makarani wawili wa kike walikuwa wameketi ngazini wakinitazama. Nyasi kidogo zilikuwa zimechomoza kati ya yale mawe meupe na shina. Ningeweza kuziacha. Nikaona zitaniharibia kazi yangu nzuri, nikaingiza mashine ndani ya duara, nikalizunguka shina mara moja, kisha nikarudia.

Makarani walikuwa wameshaingia ndani nilipozima mashine. Nikainama, nikaona weupe. Ganda lilikuwa limechunika pande zote, upana wa vidole viwili, karibu kabisa na ardhi, na mti ulikuwa umelowa utomvu. Nikatazama huku na huku, sikuona mtu. Nikavuta udongo kwa kiatu, nikafunika, nikashindilia, nikaenda zangu kunywa chai. Ndiyo, chai. Niliinywa na mkate.

Kwa majuma kadhaa mti ulibaki kijani, nami nikajiambia kwamba mzee alitia chumvi. Kisha ncha zikaanza kuwa kahawia. Mzee Mbugua akaongeza maji, akaleta samadi kutoka kwake Kiplombe. Mwishowe nilimwona amepiga magoti pale muda mrefu, ameufukua ule udongo. Akaurudisha polepole, akaja mpaka nilipokuwa nikitia petroli.

"Kirwa, uko na kitu ya kuniambia?"

"Hapana, Mzee."

Akaokota ndoo yake, akaenda zake.

Siku tatu baadaye tukasikia kwamba Mheshimiwa anarudi kukitembelea chuo. Asubuhi ile ile wakatangulia watu wa kukagua: bwana mmoja mwenye koti, na vijana wa chama wanne. Wafanyakazi wote tukapangwa mbele ya ukumbi. Mimi nilisimama na mashine begani.

"Nani anachunga hii mti?" yule bwana akauliza.

"Ni mimi," Mzee Mbugua akasema, akivua kofia.

Yule bwana akasukuma udongo kwa ncha ya kiatu, alama ikatokea. "Hii si ugonjwa. Hii imekatwa. Nani amekutuma? Wewe ni mtu wa wapi?"

"Nyumbani ni Kiplombe."

"Nimekuuliza wewe ni mtu wa wapi."

Alikuwa akiuliza kabila, maana huku kwetu watu wa Murang'a walihesabiwa wageni. Mzee Mbugua aliitazama mashine, akanitazama mimi, akangoja. Ulikuwa muda wa kutosha kabisa, mwanangu. Maneno nilikuwa nayo mdomoni: ni mimi, ilikuwa bahati mbaya, ni huu uzi. Niliogopa mpaka mkojo ukanibana. Nikainamisha kichwa nikaanza kukaza kifuniko cha petroli, na kilikuwa kimeshakazwa. Nilipoinua macho walikuwa wakimpandisha Landrova, mmoja amemshika ukosi wa shati.

Alikaa kizuizini zaidi ya mwezi. Hakufikishwa kortini. Siku waliyomwachilia, alikuta barua ya kufukuzwa kazi. Chuoni wakanipa mimi nafasi yake, nitunze miti. Hebu fikiria hilo.

Nilimaliza karibu mwaka mzima kabla ya kwenda Kiplombe. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, amejifunika koti zito na jua linawaka, anakohoa. Mkewe, Mama Nyambura, alinipokea vizuri. Akanimiminia chai, akaniambia asante kwa kumkumbuka mzee, maana wenzake wa kazini wote walikuwa wanaogopa kuonekana hapo. Kisha akaingia jikoni.

Nikasogea, nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee, ule mti ni mimi."

Akageuza kichwa. "Sema kwa nguvu. Hii sikio ingine walipiga, haisikii."

Nilikuwa nimejitayarisha kunong'ona. Njia nzima nilikuwa nimejitayarisha kunong'ona. Nikarudia, na bado hakusikia. Ikabidi nipaze sauti, "Ni mimi nilikata mti, Mzee! Ni mimi na mashine!" Kule jikoni sufuria ikaacha kulia. Mama Nyambura akatoka na unga mikononi, akanitazama, akachukua kikombe cha chai mbele yangu, akaingia nacho ndani. Mimi sijapata kuona aibu kama ile tangu nizaliwe.

"Nilijua," Mzee Mbugua akasema. "Niliona alama ya kamba. Nilikuuliza, ukasema hapana."

"Nisamehe, Mzee."

"Nyuma ya jikoni ya wanafunzi tulikuwa na miche ya mtarakwa. Unakumbuka? Kulikuwa na zingine zilitoshana na ile. Kama ungesema, tungeng'oa ile imekauka, tupande ingine. Asubuhi moja tu. Nani angejua?"

Miche ile nilikuwa naipita kila siku. Ilikuwa hatua kama ishirini kutoka stoo ya mashine. Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo peke yake.

"Kung'oa mti ya mkubwa, mtu moja, mtu ya jina kama yangu? Niliogopa. Nilitaka tuwe wawili." Akakohoa muda mrefu. "Hata pale mbele yao nilingoja. Sasa unakuja kuniambia mimi. Mimi nilikuwa najua, Kirwa. Wenye hawakujua ndio ungeambia."

Nikamwahidi kwamba kesho yake ningemwambia mkuu wa chuo. Nilifika mpaka mlangoni kwake, nikasikia akicheka na mgeni ndani, nikarudi. Nikajiambia nitaenda Jumatatu. Mzee Mbugua akafariki kabla ya mvua. Mazishini nilisimama nyuma kabisa, na Mama Nyambura alinipita kana kwamba pale nilipo hapana mtu. Baadaye aliuza shamba akarudi kwao, na mimi sijui kwao hasa ni wapi. Kwa waliokuwepo chuoni siku ile, Mzee Mbugua bado ndiye mzee aliyeua mti wa Mheshimiwa. Nilikuwa na mdomo wa kulisafisha jina lake, nikautumia kwa chai na mkate. Nimeomba msamaha kanisani mara nyingi, na kila nikitoka nje najua kwamba hakuna kilichobadilika.

Sikusimulii haya ili unihurumie. Nakuomba mambo mawili tu. Ukifyeka kiwanja cha mtu, kila mti uuachie hatua moja kuzunguka shina, na hatua hiyo uimalize kwa mkono hata kama wenye nyumba wanakuharakisha. Na siku utakayoharibu, maana utaharibu, useme siku hiyo hiyo, ungali na udongo kwenye kiatu, umwambie yule asiyejua, kabla hajasimamishwa mtu mwingine kuulizwa. Ukichelewa utabaki kuungama kwa anayejua tayari, na hilo halimsaidii yeye wala wewe.

Haya, rudi kazini, jua linapanda. Nyasi zote ni zako. Kwenye miti uniachie, nitapiga magoti mwenyewe. Mungu akulindie macho na mikono, mwanangu, akupe kazi isiyokwisha, na siku utakayokosea akufungue mdomo mapema, angali yupo wa kuokolewa na maneno yako.