Nilimsimamisha Shemeji Yangu Ubavuni mwa Pangaboi

Mimi ndiye niliyemtoa shemeji yangu jicho. Mwaka mzima nimeishi kwa kumlaumu yeye mwenyewe aliyeumia. Leo nimechoka, acheni nitapike.

Ni fundi simu huku Kongwa. Hasira zangu zinajulikana. Nimeshawahi kumpiga mteja ngumi kwa kuniita kanjanja. Mke wangu ana mdogo wake wa kiume, nimwite Yona, ambaye utani wake kwangu haukuwa na breki. Sikuwahi kupata shikamoo yake hata siku moja. Akija nyumbani anaanzia nje: "Huyu aliyetuchukulia dada kwa ng'ombe vilema bado hajafa?" Namjibu kwa matusi ya kishemeji, tunacheka, tunakula.

Familia yetu inalima mtama. Masuke yakianza kukomaa, kwelea kwelea wanashuka kwa maelfu, na usipoamia ndege shamba linakwisha kabla ya saa sita mchana. Kuamia ilikuwa kazi ya Yona. Alikuwa na kombeo la katani, na jiwe lake lilikuwa haliendi bure. Anampasua kwelea akiwa juu ya suke, damu inarukia mtama, yeye huku anaimba.

Mimi nikajiona msomi. Nikaunda ndege ndogo ya umeme kwa ile foma nyeupe ya kwenye makasha ya televisheni, nikaipaka rangi ya mwewe iwatishe kwelea. Niliifungia mota ya polepole, pangaboi refu jembamba na betri ya seli tatu. Siku ya utulivu ilipaa vizuri. Lakini upepo wetu mnaujua! Siku ya kwanza shambani ilirudishwa kinyumenyume, ikabamizwa kwenye kichuguu mbele ya watu wote.

Yona akajitupa chini kwa kicheko. "Rubani wa kuku! Kwelea wenyewe wanaionea huruma!"

Walicheka wote, hata mke wangu. Nikacheka na mimi, maana utani haununiwi. Moyoni nilitamani kumvunja meno.

Nikaenda Dodoma mjini, kwa mama mmoja anayeuza vipuri vya droni. Nikamwambia nataka mota yenye nguvu kuliko zote alizonazo.

"Ndege yako ina uzito gani?" akauliza.

"Uzito wa nini? Nipe mota."

"Kaka, mota haichaguliwi kwa hasira. Unapima ndege kwanza, unachagua pangaboi, mota inafuata."

Akanieleza taratibu. Kwenye mota hizi zisizo na brashi kuna namba inaitwa KV, inayoonyesha itazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti moja. Namba ndogo inasukuma pangaboi refu polepole. Namba kubwa inakwenda kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo inataka pangaboi fupi na gumu. Akanishauri nichukue ya kati. Mimi nikachukua namba kubwa kuliko zote, na betri ya seli nne, na saketi nene ya kugawa umeme ili kitu chochote kisiungue.

Alinifungia kwa shingo upande. Akaniongezea pangaboi fupi la inchi sita. "Mota hii uifunge na hili tu. Ukiweka refu, litapasuka." Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu haya mawili!

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani nafunga mota, Yona akaja kunywa chai. Akaliona lile pangaboi fupi.

"Shemeji, umesafiri mpaka mjini ukanunua kipepeo?"

Jamani, hasira! Nikaling'oa. Nikachukua lile refu jembamba la zamani, nikakaza nati mpaka vidole vikauma. Maneno ya yule mama yalikuwa yanapita kichwani, nikayapuuza.

Nikaifunga ndege kwenye benchi kwa mipira ya tairi. Yona akasimama mbele yake, mikono kiunoni, anangoja kucheka. Nikamfokea: "Toka mbele, litakukata! Simama hapa ubavuni. Sogea, sogea karibu uone!" Nilimwonyesha pa kusimama kwa kidole. Nilitaka uso wake uwe karibu nione kicheko kikimkauka.

Sikufikiri kwamba pangaboi likipasuka, vipande haviendi mbele. Vinatoka ubavuni, kwa kufuata mzunguko wake. Ni pale hasa nilipomweka.

Nikasukuma rimoti mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Mota ikapiga yowe. Kabla sijavuta pumzi, paa! Kipande kimoja kilichana turubai la jiko. Kingine kilimwingia Yona kwenye jicho la kulia.

Mota ikabaki na pangaboi la upande mmoja. Ikajitikisa mpaka ikang'oka kwenye pua ya ndege, ikawa inarukaruka kwenye nyaya zake na kuchimba benchi kama mnyama aliyejeruhiwa. Kwa nini haikuzimika? Kwa sababu kidole changu kilikuwa bado kimesukuma! Yona amepiga magoti, damu inapita kati ya vidole mpaka kwenye viwiko, anasema, "Shemeji, zima. Shemeji, zima."

Mke wangu akatoka mbio na mwiko mkononi. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la mota. Nilipayuka: "Nilimwambia akae mbali! Huyu hasikii!"

Hospitali waliliondoa jicho. Mke wangu alisimama kando ya kitanda, analia huku anamgombeza mdogo wake. "Mtu mzima unakatazwa, husikii! Ungekufa je?" Akampiga kofi la bega, mtu mwenye bandeji!

Yona akanigeuzia jicho lililobaki. Akasubiri. Mimi nikaitazama chupa ya dripu.

"Ni kweli, dada," akasema. "Sikusikia."

Ee Mungu wangu! Niliyemtoboa ndiye aliyenisitiri. Tuliporudi nyumbani mke wangu aliitia ile ndege kwenye kinu, akaitwanga kwa mchi mpaka ikawa unga mweupe. Nikasimama mlangoni kama mtu asiyehusika.

Sasa mtama umekomaa tena. Yona amerudi shambani na kombeo lake. Jiwe linapita kushoto, linapita juu. Anarusha tena kwa nguvu zaidi, anawatukana ndege, anarusha mpaka bega linavimba, na kwelea wanaendelea kula. Wiki iliyopita nilimfuata. Nikamwomba, "Nitukane, Yona. Niite rubani wa kuku."

Akainamisha kichwa. "Shikamoo, shemeji."

Heri angenipiga jiwe!

Wenzangu mnaopenda vindege hivi, nisikilizeni. Pima ndege yako kabla ya kununua mota. Mota mpya ijaribu bila pangaboi. Pangaboi likizunguka, watu wote wakae nyuma, asisimame mtu mbele wala ubavuni. Na ukiwa umechekwa siku hiyo, weka rimoti chini, nenda kalime. Ukiharibu, sema umeharibu siku ileile, maana uongo wa dakika moja mimi umenila mwaka.

Mke wangu huusoma ukurasa huu kwa sauti kila wiki, huku mlenda unachemka. Akifika kwenye "rubani wa kuku" atanijua. Sitakimbia. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda, na mchi uko palepale jikoni, afanye atakavyo.

Mke wangu, Yona alisikia. Alisimama pale nilipomwambia asimame.