Udongo Bila Mikorosho

Shamba la Masaki limenigharimu milioni nne na laki tatu, pamoja na fremu yetu ya biashara ya Kwa Mathias, Kibaha, iliyouzwa ili hela hiyo ipatikane. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili fremu haikurudi. Ni Masaki ya Kisarawe, si ile ya matajiri wa Dar. Ingekuwa ya Dar ningekuwa naringa.

Kwenye fremu mimi nilitengeneza simu, mke wangu akashona kwa cherehani yake pale mlangoni. Siku moja dalali, mteja wetu wa muda mrefu, akaja na mchanga mweusi ndani ya mfuko. Akaokota sumaku ya spika niliyoitoa kwenye simu mbovu, akaisogeza, mchanga ukairukia.

"Umeona ndugu wanavyosalimiana?" akasema. "Sumaku hii ina madini adimu. Wanaoyauza duniani ni wachache, wakibana kidogo tu, wenye viwanda vya magari ya umeme wanachanganyikiwa. Na mchanga huu umetoka Kisarawe, kaka."

Hata skrubu hurukia sumaku. Nilijua, ndiyo kazi yangu. Ila nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu.

Mwenye shamba alilonipeleka dalali, mama mjane, alitaka milioni sita.

"Mikorosho yangu bado inazaa, baba. Usinipe bei ya pori."

Huku ardhi ina bei yake na miti ina bei yake. Unaweza kununua kimoja ukaacha kingine. Nikajiona mjanja. "Mama, mimi miti siitaki. Niuzie udongo tu."

Akanitazama kama anayetafuta dalili za homa. "Udongo tu?"

"Tu."

"Haya. Tukaandikishane hivyohivyo."

Mwenyekiti wa kijiji akashuhudia: ardhi yangu, mikorosho yake. Nilirudi Kibaha nachekelea, nimekata milioni moja na laki saba.

Wiki iliyofuata nikaenda na sururu. Mama akatoka na ungo mkononi.

"Unafanya nini, baba?"

"Nachimba, mama. Si shamba langu?"

"Lako. Na huo mzizi ulioukanyaga ni wa nani?"

Nikasogea. Mzizi mwingine. Nikasogea tena, akawa ananifuata taratibu, anapepeta mchele wake. "Ukikata mzizi umeua mti," akasema, "na ukiua mti utaulipa pamoja na korosho zake."

Nikakimbilia ofisi ya madini, nikidhani mwenye ardhi ana nguvu. Afisa akanieleza kwa upole kwamba madini ni mali ya taifa. Kuwa na shamba si kuwa na leseni. Kwa hiyo juu ni kwa mama, chini ni kwa serikali. Mimi nina kile cha katikati. Nikapanda mihogo hapo katikati. Kivulini ikatoka myembamba kama penseli. Dalali hapokei simu. Nasikia anauza viwanja Soga, karibu na stesheni ya treni.

Mke wangu sasa anashonea kwenye baraza la jirani, mvua ikinyesha anafunga kazi. Hajanigombeza. Kila jioni huniuliza tu, "Fundi, udongo umesemaje leo?" Bora angenigombeza.

Juzi nikameza aibu, nikarudi Masaki.

"Shikamoo mama. Naulizia bei ya mikorosho."

"Marahaba. Milioni tano."

"Mama! Mwaka jana si ilikuwa milioni moja na ushee?"

"Mwaka jana sikujua kama chini yake kuna madini. Si wewe uliyekuja na sururu?" Akacheka, kisha akanionea huruma, nadhani. "Au nikupunguzie mzigo. Huo udongo wako naununua. Laki tano."

Laki tano hairudishi hata mlango wa fremu. Milioni tano sina, na ningekuwa nazo, leseni bado. Nimemwomba mama anipe hadi Ijumaa. Wewe unayesoma, kama umewahi kununua ukakwama, niambie: ninunue miti au niuze udongo? Nishauri mapema, jioni inaingia na cherehani ya barazani imeshanyamaza.