Kidirisha cha Kwaya

Kwaya yetu ya mtaa wa Kikula, mjini Likasi, ilipochoka na vitabu vilivyoliwa na mchwa, waliniomba mimi, ninayeunda programu za simu, niwaundie ya nyimbo. Kila ubeti ulipokwisha, kidirisha kilishuka kwenye skrini kikiuliza: "Tuendelee?" Ukibonyeza Ndiyo, ubeti wa pili unafunguka. Nilipenda kishuke kwa madaha, na nilijivunia.

Tantine, mdogo wake mama na kiongozi wa soprano, hakupendezwa.

"Kale kadirisha kako kanakuya sawa bibi-arusi," aliniambia mazoezini. "Miye niko nangoya, pumzi inaisha."

Mzee wa besi, fundi wa kuchomelea vyuma, akamkatiza. "Ukaache, mama. Kakikuya mbio kananishitusha."

Wakabishana mpaka jua likazama. Ili nipate amani, nikaongeza kitufe cha mwendo: kila mtu achague kasi ya kidirisha chake. Tantine na soprano wake wakaweka kasi ya mwisho kabisa, mzee na besi wenzake wakaweka ya konokono, alto na tenori wakatawanyika katikati.

Jumapili, ubeti wa kwanza tuliuimba pamoja vizuri. Kisha soprano wakaruka kwenye wa pili, alto wakawafuata nyuma, tenori wakafuata alto. Besi walikuwa bado wamesimama, vidole hewani, wakingoja kidirisha kishuke. Tantine alimaliza wimbo, akaketi, akaanza kujipepea kwa kitambaa. Besi wakaendelea peke yao, bila wasiwasi wowote, huku waumini wakitazamana wasijue kama waseme amina. Mimi nilijificha nyuma ya kinanda.

Mchungaji akasimama, akapangusa macho.

"Mumesikia?" akauliza. "Sauti zinafuatana sawa mawimbi ya ziwa Tshangalele. Nani alipanga hii?"

"Mutoto yangu," Tantine akajibu, bila kupepesa jicho.

Tukaombwa tuuimbe vilevile kwenye mkutano wa makanisa ya Likasi. Siku ya mazoezi nilitaka kusawazisha kasi za simu zote, lakini Tantine alinizuia mkono. Tatizo likawa mzee wa besi: alikuwa ameshaukariri wimbo wote, akaingia ubeti wa pili sawia na soprano.

Tantine akasimamisha kwaya nzima.

"Papa," akasema kwa upole wa kutisha, "mbio ya nini? Ngoya dirisha."