Mikono Ishirini na Minne ya Madirisha

Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka ile ya kuchoka hadi unasahau kama ulikula. Ofisi yetu iko katikati ya mji, ghorofa ya saba, na madirisha yake hayafunguki. Ukitaka hewa, ngoja jioni utoke. Nilikuwa naelekea Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, kumwona baba, na nilipofika nikakuta lile jumba la ghorofa tatu kando ya barabara kuu linabomolewa. Madirisha yalikuwa yameng'olewa na kulundikwa ukutani yakimngoja mtu wa vyuma chakavu. Nikasimama hapo na mkoba wangu na ndizi za baba. Madirisha hayo nayajua. Nilitumwa kuyahesabu nikiwa na miaka kumi, na hesabu niliyorudi nayo ilikuwa ya uongo.

Kama ulikulia pande zile miaka ya elfu mbili na kitu, rafiki yangu, hunihitaji nikueleze baridi ya Julai. Ukungu unashuka hadi mlangoni, watoto wanakwenda shule na sweta mbili, malori yanapanda mlima yakilia kwa gia ya kwanza. Githeri, yale mahindi na maharagwe, huanza kuchemka alfajiri na ukirudi saa nane bado maharagwe yanakubishia. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea, na karakana yake ilikuwa mabati manne, meza ya chuma na grainda ya kusagia chuma iliyopiga kelele hadi jirani akahamisha kuku wake. Kazi yangu ilikuwa kufagia vumbi la chuma na kukoroga ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ilijaa kwenye kucha zangu. Mwalimu wetu wa hesabu, aliyekagua kucha kila Jumatatu, aliniita mtoto wa kutu, na darasa zima likachukua jina hilo likakaa nalo.

Mama alifanya kazi ya kufua na kusafisha katika maghorofa ya Parklands. Huko wenye nyumba walitaka kioo king'ae ndani na nje. Ndani si kazi. Nje ndiko kwenye shida, kwa sababu dirisha la bawaba hufunguka kwa nje, na lina ule mkono wa chuma wenye matundu, mafundi wetu huuita stei, unaolishika lisipigwe na upepo. Mkono huo huliacha lifunguke nusu tu. Anayetaka kufikia kioo kwa nje hana budi kupanda kizingitini na kujitokeza hadi kiunoni, na ndivyo mama alivyofanya miaka yote, kitambaa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshikilia stei. Siku moja skrubu za stei zikang'oka. Alianguka juu ya kibanda cha magari, akavunjika kifundo cha mkono. Kiliunga, lakini kiliunga upande. Tangu hapo hakuweza kukamua nguo, na chapati zake zikawa zinatoka na umbo la ajabu, nene huku, nyembamba kule. Tulizila hivyo hivyo.

Baba si mtu wa maneno mengi. Jioni ile aliyomleta mama nyumbani amefungwa plasta alisema tu, "Dirisha halifai kumpandisha mtu." Kesho yake nikamkuta karakanani anakata boksi la sabuni kwa mkasi wangu wa shule.

Alikuwa anatafuta mkono unaochomoka. Fikiria: ukitaka kuosha, unautoa mkono mzima, dirisha linafunguka lote, na kwa vile bawaba zake alizitokeza kidogo, linaacha mwanya wa kupitisha mkono na kitambaa hadi nje ya kioo, wewe umesimama sakafuni na viatu vyako. Ukimaliza unaurudisha. Ukisikiliza ni kitu kidogo. Kilimla miezi.

Mkono wa kwanza aliutia ndoano ya kawaida. Upepo wa Kinoo ukaunyanyua usiku huohuo na kioo kikawa vipande. Wa pili aliutia pini ya kuvuta. Mvua ikanyesha, pini ikashika kutu, ikagoma kutoka. Nilimchorea yote hiyo katika daftari langu la hesabu lenye miraba, kwa sababu yeye mistari yake ilipinda na macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Yule mwalimu aliliona daftari akauliza hii nayo ni hesabu gani. Nikamwambia ni ya nyumbani.

Wa tatu ndio uliokubali. Kichwa cha pini iliyo kwenye dirisha alikisaga upande na upande kikawa bapa, na tundu la mkono akalichonga bapa vivyo hivyo. Ukiusimamisha mkono wima kabisa, tundu na kichwa vinalingana, unachomoka. Ukiulaza, vinapishana, na hata uuvute kwa hasira hautoki. Upepo hausukumi dirisha kwenda juu, akanieleza, unalisukuma huku na huku. Ni mtu tu anayeweza kuusimamisha. Alimwita mama. Mama akautoa na kuurudisha kwa ule mkono wake uliounga upande, mara tatu, kisha akarudi kwenye mboga zake. Baba alitabasamu hadi tukalala.

Mwenye jumba lile alikuwa mzee wa hapo hapo, mwenye shamba la babu yake lililogeuka ploti. Alikuwa anamalizia nyumba kumi na mbili za kupanga, kila moja madirisha mawili. Aliupenda ule mkono, baba akatengeneza ishirini na minne. Miezi michache baadaye, wapangaji wakiwa wameshaingia, akampeleka baba Kenyatta Market kula nyama. Baba alirudi na mbavu zimefungwa kwenye gazeti, nguo zikinukia moshi, na habari: mzee anajenga jumba la pili, kubwa kuliko la kwanza, na anataka mikono hiyo hiyo. Ila kwanza baba amhakikishie kwamba ile ya kwanza iko yote na inafanya kazi. Nilimwona baba akipiga hatua uani akipima mahali pa kuweka meza ya pili. Alitaka kuajiri fundi mwingine. Alitaka watu waseme, nenda kwa yule wa mikono.

Jumamosi akanituma mimi. Mtoto wa kike anaingia jiko la mtu bila maswali, alisema, yeye akienda wapangaji watajipanga kwanza.

Nikaanzia chini. Nyumba ya kwanza, mkono mmoja ulikuwa unachokora makaa. Nikamuuliza mama mwenye nyumba mbona hauko dirishani.

"Si ni ya kutoka?" akanijibu. "Kwani baba yako aliiweka ya kutoka ya nini?"

Kwingine ulikuwa umepigiliwa kuwa komeo la mlango. Kwingine ulikuwa unaponda vitunguu saumu, na mwenyewe akaniambia, "Mwambie fundi asante, imekuwa mchi poa sana." Kwingine umefungiwa aerial ya tivii. Na nyumba tatu zilikuwa na wapangaji wapya, ambao waliniangalia bila kuelewa. Sasa wewe wajua sisi tunavyohama. Mtu wa Nairobi akihama mwisho wa mwezi anafungua balbu, anang'oa misumari ya pazia, anaangalia kama kuna kingine kinachotoka. Baba, na akili zake zote, alikuwa amewatengenezea kingine kinachotoka. Mikono mitano ilikuwa imeshahama.

Juu kabisa, nyumba ya tisa, kulikuwa na mama kutoka magharibi, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga za kienyeji. Nilimkuta anaosha. Dirisha liko wazi lote, mkono wa chuma umelala mezani juu ya kitambaa safi kama kijiko cha wageni. Alinipa chai na kipande cha muhogo. Akaniambia ameosha madirisha ya watu tangu akiwa msichana, na hili ndilo la kwanza kuoshwa bila kumtisha.

Jumla, iliyokuwa madirishani au inatumika ilivyokusudiwa, ilikuwa kumi na moja. Niliandika kwenye daftari nikaweka mstari chini.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amekaa kwenye karai lililogeuzwa, kichwa nyuma, mama akimtia maziwa machoni. Mwanga wa kuchomelea ulikuwa umemuunguza tena. Mashavu yalikuwa yanachuruzika maziwa. Akaniuliza bila kufungua macho, kwa jina lake la kunibembeleza.

"Mami, ziko?"

Daftari lilikuwa mkononi mwangu.

"Ziko zote, baba."

"Zote?"

"Zote."

Akacheka peke yake, macho yamefumbwa, akampapasa mama mkono. Kesho yake baada ya kanisa akamwambia mzee ziko zote.

Mzee alikuja Jumatano, na gunia. Alikuwa amepita mwenyewe nyumba kwa nyumba na kukusanya yote, ya dirishani na ya jikoni bila kuchagua, akaimwaga juu ya meza ya baba. Kumi na tisa. Mingine myeusi kwa masizi, mmoja unanuka kitunguu saumu. Nilikuwa nimeshika ufagio.

"Fundi, vitu kupotea mimi sijali, vitu hupotea," akasema. "Lakini wewe uliniambia iko yote."

Mzee hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na haki. Baba aliitazama ile mikono. Hakunitazama mimi. Hilo ndilo nililolibeba, rafiki yangu, hata mara moja hakugeuza kichwa.

"Ni mimi nilihesabu vibaya, mzee," akasema.

"Basi tengeneza iliyopotea, halafu uichomelee yote kwa dirisha. Isitoke tena."

Alichomelea siku mbili. Mikono aliyoumia macho kuifanya ichomoke, aliifunga mwenyewe, mmoja mmoja, na mimi nikimfuata na kopo la rangi. Alipofika nyumba ya tisa yule mama akasimama mbele ya dirisha.

"Baba, hizi zangu wacha. Mimi ndiye huosha."

Baba akaangalia ngazini, hakuna mtu. Akachukua brashi mkononi mwangu, akapaka rangi tu pale ambapo pangechomelewa, akashuka. Jumba la pili lilipojengwa madirisha yake yalitoka kwa fundi mwingine. Meza ya pili haikuja. Baba aliendelea na mageti na vitanda vya shule hadi macho yakakataa kabisa, na neno stei halikusemwa tena nyumbani kwetu. Mama alifariki bila mimi kumwambia, ingawa nadhani alijua, maana aliliona daftari.

Kwa hiyo jioni hiyo ya juzi nilikuwa nimesimama mbele ya lundo. Mwenzangu, nilichafua nguo za ofisi. Niligeuza dirisha baada ya dirisha. Mikono yote imeshika, na juu ya kila kiungo ile mishono ya baba ya kuchomelea, midogo, iliyobanana, ningeitambua popote. Kijana wa vyuma chakavu akafika, akaniuliza, "Sister, umepoteza nini?" Dirisha la chini kabisa, nilipousimamisha mkono wima, ukatoka. Tundu lake lilikuwa limeng'aa na kulika pembeni kwa kutumika. Nikamwomba yule kijana mkono ule, akasema chukua, ni chuma kidogo.

Siku hizi Kinoo yote ni maghorofa yenye madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Hayana bawaba, hayana mkono, na kwa nje yanaoshwa na mvua ikipenda. Hata chumba cha baba ni hivyo. Karakana imekuwa saluni. Githeri inauzwa imeshachemshwa. Sisemi zamani palikuwa bora, mama yangu alivunjika zamani hiyo hiyo. Nasema tu nimechoka, na watu wa kukumbuka nami wanaisha.

Nilimwekea baba ule mkono kiganjani. Haoni sasa ila kivuli. Akaupapasa hadi akafika kwenye tundu, kidole gumba kikasimama.

"Ni ya yule mama wa juu," akasema. "Aliitumia huyu."

"Aliitumia, baba."

"Angalau yeye. Wengine wote waliitupa jikoni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee alikuwa amemwaga yote pamoja, ya dirishani na ya masizi, na miaka yote hii baba aliamini kwamba hakuna aliyeitaka ila mtu mmoja. Aliyejua vingine ni mimi tu, na mimi nilikuwa nimesema zote, kisha nikanyamaza.

"Baba, siku ile nilikudanganya," nikasema. "Hazikuwa zote. Zilikuwa kumi na moja."

Nikadhani atanigombeza, na nilitamani anigombeze.

"Kumi na moja zilikuwa kwa dirisha?"

"Kumi na moja."

Akaulaza ule mkono kwenye paja lake, taratibu.

"Nyumba gani?" akauliza. "Nitajie."

Nikavuta kiti karibu. Nyumba ya pili, dirisha la jikoni, nikasema, na yeye akakunja kidole cha kwanza.