Gauni la Kina Mama Limenimeza

Mhariri, jina langu nakuomba usilichape. Kilifi ni ndogo na maneno hayakawii kufika. Nina miaka ishirini na saba, nafundisha chekechea hapa Kibarani. Wazazi wageni wakija hunisimamisha mlangoni wakiniuliza, "Mwalimu wenu yuko wapi, mtoto?" Nguo zangu nanunua upande wa watoto, kisha nakaa kitandani nafumua riboni za kifuani. Nimezoea. Hata kuitwa Kadogo nimezoea.

Lakini hili la sasa limenishinda. Naolewa baada ya Pasaka. Kanisani kwetu kina mama walichanga wakanunua gauni moja la harusi, na kila bi harusi hulivaa, akalifua, akamwachia mwenzake. Halikatwi wala halipunguzwi, kwa sababu ajaye huenda ni mnene. Ukishona lako umewadharau wote waliolivaa, na mama mkwe wangu mtarajiwa ndiye mwenyekiti wao.

Jumapili iliyopita nililijaribu nyumbani kwake. Mabega yalinishuka hadi viwikoni, kifua kikaning'inia kama gunia tupu. Kina mama waliokuwepo wakalikunja mgongoni kwa pini.

"Usivute pumzi sana, mwanangu," mmoja akaniambia.

Nikavuta. Pini zikafunguka, gauni likateleza lote mpaka sakafuni, nikabaki na shimizi mbele ya wanawake wazima. Walicheka, jamani! Mama mkwe akafuta machozi ya kicheko, akasema, "Haya, mwanangu anaoa ama analea?" Kisha akaingia chumbani akatoka na gauni jeupe la komunyo la mjukuu wake. "Hebu jaribu hili."

Mhariri, lilinikaa. Mabega, kiuno, mikono, kila kitu. Sijawahi kuvaa nguo ikanikaa vile, na ni ya mtoto wa miaka kumi. Nililia kwa uchungu, wao wakadhani ni furaha, wakanipigia vigelegele.

Kesho yake nilivuka daraja hadi Mnarani, anakofanya kazi mchumba wangu. Nilitaka neno moja tu, aseme atazungumza na mama yake. Alinisikiliza huku akitazama saa, akajibu, "Si limekukaa? Basi vaa hilo tumalize, Kadogo."

Tumalize! Nilirudi nikiwa sijui nimeposwa na nani. Tangu hapo chakula hakipiti, na nikizidi kukonda hata hilo la mtoto litanipwaya.

Nampenda, sikatai. Nikikataa magauni yote mawili wataniita mwenye kiburi, na harusi itavunjika. Nikilivaa la kina mama, nitawavulia nguo mbele ya padri. Nikilivaa hilo dogo, nitasimama altareni na wageni watanyoosha shingo wakimtafuta bi harusi nyuma yangu.

Dada zangu mnaosoma ukurasa huu, nyinyi mliokwisha kuolewa, nishikeni mkono: nivae lipi, au nisiende kabisa?